Kinyozi Aliyeuliza Swali

Katika mji wetu huku Kansas, uliweza kumtukania mtu mama yake ukabaki hai, lakini mgeni hukumwuliza katoka wapi. Nusu ya wanaume wetu walikuwa wamekimbia kitanzi mahali fulani, na nusu nyingine walikuwa wanasuka kamba.

Lemuel Stroud, kinyozi wetu, aliijua sheria hiyo kuliko mchungaji alivyozijua Amri Kumi. Shida yake ilikuwa mdomo. Asubuhi moja alikuwa akimnyoa ndevu mgeni aliyejaa vumbi hadi kwenye kope, wembe uko kooni, akajisahau.

"Umetoka wapi, ndugu yangu?"

Chini ya shuka ya kunyolea kitu kikalia *ka!* Mgeni alikuwa amekoki bastola yake. Lemuel akaanza kutetemeka, na wembe ukatetemeka naye.

"Tulia, mzee," mgeni akanong'ona. "Utanichinja."

"Nitatuliaje, bwana, na hiyo bastola inanitazama tumbo?"

"Toa wembe kwanza."

"Nikiutoa si utanipiga risasi?"

"Na mimi nikiishusha si utanikata?"

Wakakaa hivyo mpaka povu likakauka shavuni. Wakakubaliana kuhesabu pamoja hadi tatu, kisha kila mmoja aachie. Walihesabu mara nne, maana mara tatu za kwanza hakuna aliyethubutu kusogea.

Mgeni akatoka kinyumenyume na nusu ya ndevu zake. Lemuel aliishi miaka kumi na miwili zaidi, akinyoa bila kutamka neno, na wateja wakalalamika kwamba hata maiti ana mazungumzo kumshinda.