Reli ya mbele ya nyumba yetu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka roho inaniuma. Umerudi kutoka kijijini kwetu na picha za kile kipande cha reli kwenye simu yako, unaniuliza kwa nini kimebaki peke yake, huku na huku majani matupu. Keti nikuambie.

Reli ile ilikuwa tawi, ikitoka njia kubwa ya Lubumbashi mpaka mashambani kwetu. Baba yangu alikuwa kantonye, kazi yake kutunza njia. Treni iliposimama tuliambiwa ni kwa muda. Mahindi yakaanza kutuozea, maana wakati wa mvua lori halifiki kule.

Kisha wakaja wanunuzi wa mitraille, hivi vyuma chakavu. Kijiji kikakutana, kikakubaliana kila nyumba ing'oe reli iliyo mbele ya uwanja wake. Haki tupu, hakuna aliyeonewa. Baba alikaa kimya mkutano mzima, akarudi nyumbani akatuambia yetu haiguswi. Mama akamwuliza kwa nini hakuyasema hayo kule.

"Ya benyewe iko ya benyewe," akajibu. "Mi nachunga ya kwangu."

Akaendelea kufyeka majani pale, nasi watoto tukimwona shujaa.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, wakuu wa reli walikuja kwa miguu kuangalia kama treni inaweza kurudi. Baba alivaa koti lake la kazi, akawaonyesha kipande chake, hakikosi hata bulon moja ya kukazia chuma. Mkubwa wao akamshika mkono kwa heshima.

"Papa, ya kwako iko muzuri. Lakini treni haiwezi kupita pa nyumba moya."

Wakaondoka, hatukuwaona tena. Baba siku hiyo hakugusa chakula. Mwishowe tuliacha shamba, tukahamia huku Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi.

Watu wanamsifu baba mpaka leo. Mimi nilimpenda, lakini kumsifu siwezi. Pale mkutanoni ni yeye aliyeijua njia ile, na akanyamaza. Labda wangemsikiliza, labda wangemcheka tu. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo linalonichoma.

Basi mwanangu, ukiona wenzako wanaharibu kitu cha wote, usitosheke kwamba wewe hukushiriki. Simama useme wakiwa bado wamekaa, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akupe ulimi usiochelewa, na watoto wako wasije wakauliza siku ile ulikuwa wapi.