Kesi Aliyoshinda Baba Bila Kusema Neno

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, siku baba yangu aliposhinda kesi Iringa mjini akarudi nyumbani Igowole kama mtu aliyetoka kuzika. Wewe umeapishwa uwakili juzi, na nimefurahi mpaka magoti yangu yamesahau kuuma. Lakini keti kidogo unisikilize, maana jambo hilo lilinichanganya nikiwa msichana, na sehemu yake inanichanganya hadi leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mtamba wa jirani yetu, Mzee Kasiani, alikutwa kwenye zizi letu. Baba alisema mtamba huyo alijichanganya na ng'ombe wetu walipotoka malishoni kwenye ukungu, naye alikuwa akingoja ukungu uinuke ampeleke kwa mwenyewe. Kasiani hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja polisi, na baba akashtakiwa kwa wizi wa mifugo. Jela ilikuwa inamngoja.

Mjomba wangu aliyefanya kazi Mbeya akatuletea wakili kijana, Ambakisye, Mnyakyusa aliyesomea sheria ng'ambo. Hatukuwahi kuona wakili mweusi. Mama alimkagua kuanzia viatu hadi miwani, kisha akaninong'oneza kwa Kihehe, akiuliza kama kweli mtoto huyu ndiye atakayesimama mbele ya hakimu wa Kizungu. Mimi pia nilimkagua, kwa sababu zangu. Usicheke.

Jambo la kwanza alilomwambia baba ni kwamba asiseme lolote mpaka aambiwe. Hapo ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa. Kwetu mtu akishtakiwa husimama barazani, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho, wazee wakamuuliza, naye akajibu. Anayenyamaza amekubali. Baba alikuwa ameshapanga maneno yake yote. Nilimsikia akiyarudiarudia huku akikamua.

Siku ya kesi, kabla hakimu hajaingia, nilimwona wakili wetu nje akicheka na inspekta wa polisi, yule yule aliyekuja kumshtaki baba. Inspekta akamwashia sigara. Nilishindwa kuvumilia, nikamfuata.

"Kaka, wewe ni wa kwetu au wa kwao?"

Akasema kazi yao ndivyo ilivyo, watagombana ndani. Sikuelewa. Nani anacheka na mtu anayetaka kumfunga mzazi wako?

Ndani wakili wetu alimuuliza Kasiani maswali machache tu, kwa upole. Alimwona baba akimswaga mtamba? Hapana. Yupo aliyemwona? Hapana. Alikwenda kwa baba kumuuliza? Hapana. Kisha wakazungumza Kiingereza na hakimu, na mkalimani akatuambia mahakama imeona hakuna kesi ya kujibu, baba aende nyumbani. Baba alikuwa ameshasimama ili aanze kueleza. Aliambiwa imekwisha. Alibaki amesimama vile vile, akitutazama kama mtu aliyepotea njia.

Nyumbani hakuja mtu kutupa pole wala hongera. Kisimani wanawake walinipisha nichote upesi niondoke. Habari iliyotutangulia ni kwamba baba ameachiwa bila kujibu, kwamba ni mwizi aliyekodi Mnyakyusa amsemee. Baba akaacha kwenda kunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na wenzake. Jioni moja alimwambia mama heri angefungwa akiwa amesema. Maneno yale yaliniuma sana.

Nikadandia lori la mbao hadi Iringa, ambako wakili alikuwa na kesi nyingine, nikamweleza yote kwa hasira. Naye alichanganyikiwa kama sisi.

"Lakini dada, tulishinda."

"Umeshinda wewe," nikamwambia. "Baba bado ameshtakiwa."

Alivua miwani, akaifuta. Halafu akauliza kama jumbe wetu angekubali kuitisha baraza.

Siku zile mawakili hawakuruhusiwa kusema kwenye mabaraza ya wenyeji. Alikuja hata hivyo, na suti yake, akivuka tope la Mufindi, akaketi juu ya gogo katikati ya wanaume na mdomo wake akaufunga. Sijaona mtu aliyeteswa na kunyamaza kama yule. Kila Kasiani alipouliza swali la ovyo, midomo ya wakili ilicheza, nami nikamkazia macho atulie. Baba alieleza, akaulizwa, akaeleza tena, hadi wazee wakachoka kuuliza.

Mwishowe Kasiani akasema, "Ungeniambia haya mapema, tusingefika Iringa."

"Hukuniuliza," baba akamjibu.

Watu wakacheka, Kasiani naye akacheka, na jumbe akaagiza ulanzi. Baba alilia mbele za watu. Na mimi nililia.

Ambakisye alikuja kuwa mtu mkubwa. Aliwatetea wengi waliotaka kunyang'anywa mashamba, kuanzia Chunya hadi kwetu, na watu walisifu Kiingereza chake. Mimi nilimwamini tangu siku ile aliyokaa kimya.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Sijasoma sheria, na hadi leo sielewi mahakama inayotafuta ukweli inawezaje kumwachia mtu bila kumsikia. Pengine ulimi wa baba ungemfunga. Hilo nimelikubali uzeeni. Basi fanya kazi kama ulivyofundishwa, na ukimwambia mteja anyamaze, mweleze ni kwa nini, kwa lugha anayoielewa. Lakini ukishinda usikimbilie faili jingine. Keti naye, muulize alitaka kusema nini, na ni nani kwao anayepaswa kumsikia. Ukiweza, nenda naye, ukae umsikilize na wewe.

Mungu akupe maneno ya kuwafungua watu, na akupe moyo wa kuwafikisha hadi nyumbani kwao. Nenda salama, mwanangu. Yupo mtu mahali fulani ameshasimama, anataka kueleza.