Ukiosha Gari, Kumbuka Vumbi Ni Jiwe

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku nilizojifungua, na nimejifungua mara tano. Ni siku Charo alipokuja kwetu Mwakirunge kuniposa, na gari amelipaka mafuta ya nazi.

Usicheke bado. Nakuandikia kwa sababu umenunua gari lako la kwanza, na jana nimekuona ukilisugua juani kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini nyumba hii ya mawe ninayokaa hapa Utange nimeijenga kwa kuosha magari ya watu uwanjani kwangu. Basi kaa nikwambie.

Baba yangu alikuwa mkata mawe. Maisha yake yote yalipita kwenye machimbo, na viganja vyake vilikomaa vikawa kama soli ya kiatu. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wote wameoa na kuolewa, nyumbani tumebaki mimi na baba na shangazi yangu Kadzo, dada yake baba, ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. Kila kijana aliyekuja kuniulizia, baba alimtazama kama mtu aliyekuja kubomoa ukuta.

Kwetu sisi mchumba huja na kibuyu cha mnazi, tembo la nazi. Baba wa msichana hauonji mpaka amwite binti yake mbele ya watu, amwulize, ninywe au nisinywe? Binti akisema kunywa, posa imekubaliwa. Lakini baba asipomwita binti, basi mnazi utachachia kibuyuni na mgeni atarudi alikotoka. Ndiyo maana siku ile moyo wangu ulikuwa umening'inia kwenye kibuyu.

Charo alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Kisauni. Gari lilikuwa la tajiri, jeusi, amepewa kwa siku moja. Mimi nilijua. Baba hakujua, na shangazi alishaambiwa na watu kwamba mkwe anakuja na gari lake mwenyewe, akatangaza kijiji kizima.

Asubuhi Charo alitaka lile gari ling'ae. Akachota maji ya kisima, na maji ya visima vya Kisauni unayajua yana chumvi. Akaliosha kwa sabuni ya unga, akalisugua kwa kumbi la nazi kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, akaliacha likauke juani. Likakauka na madoa meupe ya chumvi toka paa mpaka milango. Akashikwa na hofu. Badala ya kuanza upya, akachukua mafuta ya nazi akalipaka lote. Liling'aa, wallahi, watu wakageuza shingo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa, mwanangu, barabara ya kwetu ni ya malori ya mawe. Kila lori lililopishana naye lilimwachia vumbi lake, na vumbi likikutana na mafuta haliagani. Gari lilipoingia uani halikuwa jeusi tena.

Shangazi alilizunguka polepole, mikono kiunoni.

"Mkwe," akamwuliza, "hili limetoka mjini au limetoka kikaangoni?"

Majirani wakaangua kicheko. Charo akamwamkia baba shikamoo kwa sauti ndogo, baba akaitikia, kisha akaenda kwenye gari. Hakutumia kiganja, maana kiganja chake hakikuwa kikisikia kitu. Alipitisha mgongo wa mkono juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akauliza limeoshwa kwa kitu gani. Charo akamwambia: kumbi, sabuni ya unga, na mafuta kidogo.

"Kidogo," shangazi akarudia, akakimbilia jikoni akacheke.

Baba akasema mnazi uwekwe kivulini na gari nalo lisogezwe kivulini, nyuma ya nyumba. Nikajua yameharibika. Mnazi ukiwekwa kivulini kabla ya maneno, ni kama mgeni kuambiwa asivue viatu.

Kumbe baba alikuwa anakunja mikono ya shati. Alikwenda kwenye pipa letu la maji ya mvua akaanza kuchota. Yale ndiyo maji yetu ya kunywa, na mvua ilikuwa mbali.

"Kaka, hayo ni ya kunywa," shangazi akamwambia.

"Najua."

Yeye na Charo walilimwagia gari maji kwanza, mengi, bila kuligusa, vumbi lililokubali kwenda likaenda. Kisha wakatia sabuni ya kipande kwenye maji wakaivuruga mpaka ikafanya povu. Charo akarudi kuchukua kumbi lake. Baba akamshika mkono.

"Mimi nakata mawe," akamwambia. "Hili vumbi ni jiwe. Dogo, lakini ni jiwe. Ukilikandamiza, unakata."

Akatazama huku na huku akitafuta kitambaa laini. Mimi nilikuwa ndani nachungulia dirishani, na msichana anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Nilitoka. Nilichukua kanga ya marehemu mama, iliyofuliwa miaka mingi ikawa laini kama shavu la mtoto, nikampelekea baba. Aliitambua. Akaichana katikati kwa meno, kipande kimoja akampa Charo, kimoja akabaki nacho. Hakuniambia nirudi ndani.

Wakaweka beseni mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka garini usirudishwe garini. Wakaanzia juu kwenye paa wakishuka, maana uchafu mkubwa hukaa chini. Mafuta yakaanza kutoka. Na yalipotoka, mwanangu, ndipo tukaona. Boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo ya duara, kila pahali kumbi lilipopita.

Mikono ya Charo ikasimama.

"Baba," akasema, "gari si langu. Ni la tajiri wangu."

Majirani wakamgeukia shangazi. Shangazi hakunyamaza. "Cha kuazima hakisitiri matako," akasema, na safari hii hakucheka, maana aibu ilikuwa yake pia.

Baba hakuinua macho. Aliendelea kupangusa mlango wake.

"Basi suuza kitambaa uanze tena," akamwambia. "Cha mtu huoshwa vizuri kuliko chako."

Charo akasuuza, akaanza tena. Nikaona mkono wake umebadilika. Haukuwa tena mkono wa mtu anayetaka kuonekana. Ulikuwa unakwenda polepole, mwepesi, mstari kwa mstari, na kila baada ya muda anageuza upande safi wa kitambaa bila kuambiwa. Baba alikuwa ameacha kuangalia gari. Aliangalia mkono ule.

Walipomaliza kulikausha, baba akapitisha tena mgongo wa mkono. Gari lilikuwa safi, lakini bado chini ya ngozi ya mkono wake kulikuwa na chenga, vitu vidogo vilivyoing'ang'ania rangi, havionekani kwa macho. Charo akataka kuzikwangua kwa ukucha.

"Ziache," baba akasema. "Zitapata dawa yake."

Kisha akakaa kwenye kigoda, akaagiza kibuyu, akaniita mbele ya watu wote.

"Umesikia gari si lake?"

"Nimesikia, baba. Nilikuwa najua."

Akanitazama sana. Nilidhani atanifokea. Akakishika kibuyu kwa mikono yake miwili iliyokuwa bado na povu kwenye kucha.

"Ninywe au nisinywe?"

"Kunywa, baba."

Akanywa. Alipopangusa mdomo, alimwambia Charo kwamba akirudi Kisauni amweleze mwenye gari juu ya mikwaruzo yeye mwenyewe, kabla hajaiona. Charo alimweleza. Tajiri alifoka siku nzima, lakini hakumfukuza.

Ile dawa ya chenga nilikuja kuiona nikiwa tayari na wajukuu. Mteja aliniletea kidonge cha udongo maalumu wa magari, laini kama unga wa chapati uliokandwa. Nililowesha boneti kwa maji ya sabuni, nikautelezesha, kwanza ukawa unakwaruzakwaruza kwa sauti ndogo, kisha sauti ikafa na rangi ikawa kama kioo. Nikageuka nimwite baba. Alikuwa ameshazikwa. Nilikaa kwenye ndoo nikalia, mteja akadhani nimeliharibu gari lake.

Sasa sikiliza, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gari usilioshe juani, wala likiwa la moto. Mwagia maji kwanza. Maji ya chumvi kama ndiyo uliyonayo, yatumie mwanzo, lakini ya mwisho yawe matamu, na ulikaushe mara moja, usiache jua likukaushie. Tumia sabuni ya magari, ya unga iache kwenye nguo. Ndoo mbili, kitambaa laini, kutoka juu kwenda chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake.

Likikauka, vaa mkononi karatasi ya mkate, ule mfuko wake wa nailoni, upapase rangi. Mkono utasikia kile ambacho jicho limekuficha. Ukisikia chenga, leta udongo. Pahali pawe pamelowa vizuri kwa maji ya sabuni, usikandamize, uache uteleze wenyewe, kipande kidogo kidogo. Kila ukichafuka ukunje upate upande safi. Ukianguka chini, utupe. Usiuokote, najua bei yake inauma, utupe, maana umeshaokota mawe. Kazi hiyo mara moja au mbili kwa mwaka yatosha.

Polishi huja baada ya hapo, kidogo sana, kwa mzunguko mwepesi, kisha uipanguse. Nayo isiwe kila wiki, kwa sababu polishi inakula rangi kidogo kila inapopita, na rangi haioti tena kama nywele. Mwisho paka nta, nyembamba, ndiyo itakayokulindia kazi yako na mvua na chumvi ya pwani.

Mikwaruzo mingine haitatoka. Usiifunike kwa mafuta. Kama gari ni la mtu, mwambie. Kama ni lako, jiambie.

Charo yuko hapa uwanjani wakati nikiandika haya. Macho yake yamefifia, kuendesha ameacha, lakini kila gari nikilimaliza huvaa karatasi yake ya mkate akalipapasa kabla mwenyewe hajalichukua. Akisema bado, naanza tena. Sijawahi kubishana na ule mkono.

Mungu akupe safari njema na barabara isiyo na ajali, mwanangu. Akujalie mkono mwepesi, na mtu wa kukuchotea maji yake ya kunywa siku utakapokuja mlangoni kwake umejaa vumbi.