Siku Mama Solange alipompeleka korongo wake hifadhini, hapa Kigali

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naleta kisa kifupi. Hakuna chumvi humu, mengi niliyaona mwenyewe.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye ofisi moja pale Kacyiru. Nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, tumwite Mama Solange. Kakulia Ngara, kwa hiyo Kiswahili kinapanda, ila akikasirika anahamia Kinyarwanda.

Pale uani alikuwepo korongo, wale wenye taji la dhahabu kichwani. Hapa wanaitwa imisambi. Jina lake Bosco.

Marehemu mumewe alimnunua akiwa kifaranga, kwa watu waliokuwa wanawatoa kwenye mabwawa na kuja kuwauza mjini. Enzi hizo ilikuwa fashion, ukiwa na korongo bustanini unaonekana mtu mzito.

Ili asitoroke, muuzaji alimkata bawa moja. Siyo manyoya, wakuu. Mfupa.

Mama akienda kufua, Bosco nyuma yake. Akianika, Bosco yupo.

Sasa redioni wakaanza kutangaza: kufuga korongo ni kinyume cha sheria, walio nao majumbani wajitokeze, hakuna atakayeadhibiwa, maana huko porini wanakwisha. Majirani wakamwambia. Binti yake Solange akapiga simu kumsihi.

Jibu lilikuwa moja: "Oya, hapana. Baba yenu alienda, nyinyi mkaenda. Na Bosco aende?"



Jumapili moja asubuhi Mama anajiandaa kwenda kanisani, kundi la korongo likapita juu yetu likilia, linaelekea bondeni.

Bosco akaitikia. Akakimbia ua mzima huku anapiga lile bawa zima na kile kipande, mpaka akajibamiza kwenye geti. Akarudi nyuma, akakimbia tena. Nikatoka kumzuia, akanidonoa mkono.

Mama kasimama mlangoni, Biblia kwapani.

Nikamuuliza, "Mama, huwa anafanya hivi?"

"Kila wakipita," akasema. "Mimi nilikuwa nasema anacheza."

Kanisani hakwenda.

Kesho yake akapiga mwenyewe ile namba ya redioni, bila kushauriana na mtu. Akaja daktari wa wanyama, dada mmoja mpole. Akalikagua bawa, akasema, "Mama, huyu hataruka tena. Porini atakufa. Lakini kuna hifadhi hapa hapa Kigali ya wale hawawezi kuruka. Iko maji, iko majani, iko wenzake."

"Nikimkumbuka je?"

"Unakuja kumuona. Iko wazi kwa watu wote."

Wakamvalisha Bosco pete ya njano mguuni. Mama akambeba mwenyewe hadi kwenye boksi. Siku zilizofuata nilikuwa namuona asubuhi anamwaga mahindi uani, halafu anakumbuka, anayazoa.

Ikapita miezi mingi ndipo akaniambia nimsindikize.

Ni bwawa la matete ndani ya mji, lina njia za kutembea. Tuliwakuta wanafunzi wakielezwa habari za ndege. Kiingilio chako ndicho kinachosaidia kuwatunza.

Tukaiona pete ya njano. Mama akaita, "Bosco! Bosco we!"

Akainua shingo, akatutazama, kisha akarudi kwa mwenzake. Katikati yao kulikuwa na kifaranga.

Mhudumu akatuambia kifaranga kile kimeanguliwa pale pale, mabawa yake mazima, kikikomaa kitaruka kiende kinakotaka.

 

Mama akajifuta uso na kitenge. "Twende," akasema. "Tusiwasumbue."

Nilichojifunza: mama yule alimpenda ndege wake kweli, na ndege aliteseka vile vile. Sheria na redio vilisaidia, lakini mwenye mnyama asipokubali moyoni, atamficha tu.

Siku hizi nikikuta korongo kwenye bustani ya mtu, naangalia kwanza mabawa.

Wakuu wa Kagera, Uganda na kwingine, huko kwenu bado mnawaona wakiruka, au wamebaki wa kufungiwa ndani ya mageti? Semeni mlichokiona.