Chupa ya Pili

Miaka ile ya amani, kabla Juba haijawa mji mkuu wa nchi yake, tuliishi mtaa wa Atlabara katika chumba kimoja cha mabati: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Umeme haukuwepo. Tulikuwa na jenereta ndogo, na televisheni ambayo mke wangu aliifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Sheria yake ilikuwa fupi. Saa kumi alasiri, petroli ya chupa moja ya soda inamiminwa kwenye jenereta, mtoto anatazama katuni. Petroli ikiisha, picha inazimika. Hakuna kubembeleza. Binti yetu alijisemea mwenyewe, "Kalas," imekwisha, akarudisha kitambaa, akatoka kucheza langoni.

Mimi sikuwa mtu wa kutulia. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilitaka kujua kila barabara inaishia wapi. Nilipanda malori ya bidhaa kutoka soko la Custom hadi Nimule mpakani, wakati mwingine majuma mawili sijaonekana. Lakini nikirudi, nilisikia ndala za binti yangu zikinijia mbio kabla sijashuka kwenye bodaboda.

Siku moja nilirudi na chupa ya pili ya petroli. Nilitaka anipende kuliko nilivyostahili. Picha ilipozimika, nikaongeza petroli.

"Ya baba haiishi!" akapiga makofi.

Mke wangu akaacha kuchambua mboga. "Kwa hiyo mimi ndiye wa kusema kalas, wewe wa kusema bado?"

"Mara moja tu, mama."

"Mara moja! Kesho uko juu ya lori. Kilio atabaki nacho nani?"

Nikacheka. Safari iliyofuata nikaleta chupa tena, na iliyofuata pia. Tulikaa mkekani, macho yetu sote wawili kwenye kioo, nikiamini tuko pamoja.

Kisha nikarudi jioni moja, ndala sikuzisikia. Nilimkuta ameketi mbele ya kioo cheusi, kitambaa kiko sakafuni. Hakuinuka.

"Baba, umeleta chupa?"

Ilikuwa mkobani. Nikasema sina. Alilia sana, na kesho yake alinitazama mikono kwanza, ndipo uso.

Mwaka uliofuata mama yake alimpeleka Arua, Uganda, kuanza shule. Nami hadi leo, nikifika nyumba yoyote, humwambia wa bodaboda azime pikipiki kwanza. Natega sikio kidogo, ndipo nashuka.