Utando wa Renatha na Gunia la Karugendo

Renatha Karugendo alimenya ndizi kwa hasira hadi mama yake, Klaudia, akamnyang'anya kisu. "Utatumalizia chakula, waitu, mwanangu. Ndizi imekukosea nini?"

Ndizi haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa profesa wake wa ng'ambo, aliyepiga simu asubuhi ile akicheka kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Renatha alikuwa amerudi kijijini kwao Buganguzi likizo, akisomea udaktari wa fizikia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tando nyembamba mno za kihami cha kitopolojia, maada ambayo umeme haupiti tumboni mwake bali hupita juu ya ngozi. Ukiitia kromiamu kidogo, kama chumvi kwenye matoke, inakuwa sumaku. Lakini ni kwenye baridi kali mno tu; ikipata joto, usumaku unatoweka. Wenye fani hiyo wanautafuta usiku na mchana utando utakaobaki sumaku kwenye joto la kawaida.

Wa Renatha ulibaki. Wenzake walishangilia, yeye akaingiwa na wasiwasi. Akachukua kipande cha kioo kitupu, kisicho na utando wowote, akakishika kwa kibano kilekile cha chuma walichokuwa wakishikia tando, akakipima. Nacho kikaonyesha usumaku! Kumbe chembe za chuma zilikuwa zikisugulika kutoka kwenye kibano. Ugunduzi wote ulikuwa uchafu. Alimweleza profesa kabla hajapanda ndege kuja nyumbani, na leo profesa anasema makala inatumwa kwenye jarida, jina la Renatha litatangulia, asahau habari za kioo. Hataki? Basi atafute pengine pa kumalizia masomo.

"Anajua!" Renatha alifoka. "Mawe, mama yangu, anajua ni uongo, halafu ananiambia ninyamaze!"

Baba mdogo Kahangwa ndiye aliyetia kuni motoni. Alishasambaza habari za ugunduzi kuanzia Muleba hadi Bukoba mjini, akakamua rubisi, pombe ya ndizi, akaalika watu Jumapili. Mhaya akipata msomi kwao hanyamazi, na Kahangwa hata bila msomi hajawahi kunyamaza.

"Msomi gani, nshomile gani unakataa sifa?" alimwuliza. "Kachembe ka chuma! Nani atakaona?"

Renatha aliwaka. Katika nyumba ile kila mtu alijua kachembe kanaweza kufanya nini. Marehemu baba yake, mwaka ambao mvua iliozesha mikeka yake ya kuanikia, alianika kahawa chini, mchanga ukaingia bila yeye kuuona. Karani wa chama cha ushirika akalimwaga gunia mbele za watu na kumwita mwizi wa uzito. Hadi anazikwa, Karugendo aliitwa Mchanga. Na huyuhuyu Kahangwa, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa akihama benchi kanisani ili asikae naye.

"Taata hakujua," Renatha alisema. "Mimi najua. Unataka nilifunge gunia nikiuona mchanga?"

Kahangwa akageuka, akaenda kuangalia rubisi yake.

Kesho yake Renatha alikwenda Bakoba, kata ya Bukoba mjini, kwa binamu yake Violeth, ambako mtandao haukatiki. Akawaandikia wahariri wa jarida, akaambatisha vipimo vya kioo, akaomba jina lake litolewe. Nakala akampelekea profesa. Jibu lilikuja kabla ya Jumapili: nafasi yake ya masomo imefutwa. Alilia kwa uchungu, kisha akakasirika kwamba amelia kwa ajili ya mtu yule.

Jumapili watu walijaa uani. Kahangwa alisimama, akakohoa, akaanza kumsifu mtoto wa ukoo aliyeishangaza dunia. Renatha hakumngoja amalize.

"Hakuna ugunduzi," alisema. "Ilikuwa chembe ya chuma. Nimekataa kudanganya, nimefukuzwa masomo."

Vikombe vikabaki mikononi.

"Umeuaibisha ukoo!" Kahangwa alipaza sauti.

"Kaa chini, Kahangwa." Klaudia alikuwa tayari amesimama, kibuyu cha rubisi mkononi. "Gunia la mume wangu lilimwagwa na karani, nawe ukahama benchi. La mwanaye, amelimwaga mwenyewe. Leo utahamia wapi?"

Kahangwa akakaa. Klaudia akamimina kikombe cha kwanza, akawapita wazee wote, akampa binti yake. Renatha alikunywa, hasira ikiwa bado haijamwisha.