Kipande Kilichokatwa

Miaka ile ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana Nchelenge, kando ya ziwa linalopakana na Kongo, niliajiriwa wakati wa likizo kumfasiria mzungu mmoja mtafiti wa sinema. Kazi yake haikuwa kuonyesha filamu. Alikuja na gari la sinema ili atutazame sisi tunaotazama. Akikaa kando ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, alituelekezea uso na kuandika nani amecheka, nani amenyamaza, nani ameinuka. Asubuhi tulizunguka nyumba kwa nyumba kuwahoji watu. Swali lake kuu lilikuwa moja: je, watu wa ziwani wanaelewa picha inayotembea, au wanaidhania kuwa kitu chenyewe?

Nilimwambia kwamba wavuvi wetu wengi walishafanya kazi kwenye migodi ya Katanga, na huko sinema waliizoea. Akaniambia swali lile ndilo linaloulizwa na wenzake wote wakati huo, na yeye ametumwa kulijibu.

Filamu aliyokuja nayo ilihusu uvuvi, na sehemu yake ilipigwa palepale kwetu, katika kijiji cha Kabuta, mwaka uliotangulia. Jioni ya kuonyesha, uwanja wa shule ya Kabuta ulijaa. Mitumbwi ikaonekana, nyavu zikavutwa, na mara akatokea mwanamume mwenye kifua kipana, akajipangusa uso kwa mkono, akamgeukia mtu tusiyemwona, akacheka.

Mtu yule tulimjua. Alizama miezi michache kabla ya hapo akitoka Kilwa, kisiwa chetu cha humu ziwani, na maiti yake haikupatikana.

Mke wake alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Aliinuka, akapita katikati ya watu hadi mbele kabisa, akapiga magoti karibu na kitambaa. Hakulia. Picha ilipobadilika na kuonyesha samaki wanaokaushwa, akabaki pale pale, kivuli cha kichwa chake kikiwa juu ya samaki. Mtafiti aliandika kwa haraka.

Asubuhi tulimkuta mama huyo akigeuza makayabu, samaki wa chumvi, juu ya mkeka. Alikuwa mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha biashara.

"Mama, anauliza kama jana ulidhani bwana yako yuko ndani ya kile kitambaa."

Alinitazama kwanza mimi, kisha mtafiti.

"Mwalimu, mwambie huyu muzungu, mi najua iko picha. Bwana yangu alikufa. Hata mutoto anajua mutu hawezi kuingia mu kitambaa. Nilienda mbele sababu macho yangu haina nguvu. Nilitaka kumuona muzuri." Akageuza samaki mmoja. "Mi sina picha yake hata moja. Anaweza kuonyesha tena?"

Nilifasiri neno kwa neno. Mtafiti akavua kofia, akampa pole, na nadhani alimaanisha. Akasema gari linaondoka siku ileile. Anayetaka kuona tena aende Kafutuma, kijiji cha mbele, wataonyesha kesho yake.

Kesho yake nilimbeba mama kwa baiskeli yangu. Njia ilikuwa ya mchanga, na mara kwa mara tulishuka tukatembea. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani. Njiani alinieleza kwamba sura ya mumewe ilikuwa imeanza kumponyoka. Alikumbuka mikono na sauti, lakini akitaka kuuona uso, ulikuja wa kaka wa mumewe.

Kafutuma nilimtafutia nafasi mbele. Mitumbwi ikaonekana, nyavu zikavutwa, kisha moja kwa moja samaki wanaokaushwa. Mwanamume hakutokea. Mama akasubiri hadi taa ya mashine ikazimwa na watu wakaanza kutawanyika.

"Amepita?" akaniuliza. "Macho yangu haikumuona?"

Nikaenda kwa mtafiti. Akasema kipande kile kiliwachanganya watu wa Kabuta, hivyo amekikata ili apime kama filamu itaeleweka zaidi bila hicho. Nikamuuliza kiko wapi. Kilikuwa kwenye boksi, na boksi limekwenda na lori la asubuhi kuelekea kusini. Alisema atajaribu kukiulizia. Aliona haya, shingo ikawa nyekundu.

Nilirudi kwa mama, nikamwambia ukweli wote. Hakuna tusi alilotoa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akasema, "Basi turudi."

Likizo nyingine alikuja mtafiti mwingine, mpole, mwenye maswali kuhusu redio: nani anasikiliza, wapi, habari gani anaziamini. Nilimuuliza kuhusu kile kipande. Hakukijua. Akasema utafiti wa kuelewa picha umepitwa na wakati, hakuna anayeushughulikia tena, na mabaki ya filamu zile huenda yamechomwa.

Nilipokwenda Kabuta kumpa mama habari hiyo, nyumba yake ilikuwa na watu wengine. Jirani alisema amevuka ziwa kurudi kwao pamoja na wanunuzi wa samaki. Nilisimama ufukweni kidogo, kwenye harufu ya nyavu zilizolowa, kisha nikarudi kwa mtafiti wa redio, ambaye alikuwa akinisubiri tuanze nyumba ya kwanza.